Mafundi umeme wawili, bei mbili: nimwite yupi?

"Soketi moja ya jikoni imeanza kupata joto. Nikichomeka birika la umeme, taa ya jikoni hufifia kidogo, na mara nyingine breka hukata kabla maji hayajachemka. Wiki iliyopita nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, nikaona alama ya kahawia pembeni mwa tundu moja la soketi. Nimewaita mafundi wawili. Wa kwanza hakufungua chochote. Alisema breka ni dhaifu, ataweka kubwa zaidi na kazi itakwisha kwa nusu saa. Wa pili alitaja bei mara nne ya hiyo, akisema huenda nyumba nzima inahitaji nyaya mpya, lakini hakunieleza kwa nini. Kijana wa jirani anajua umeme kidogo na yuko tayari kunisaidia bure. Nyumba ni yangu, ina umri wa miaka kama 20, na fedha zangu ni chache. Nitampataje fundi wa bei nafuu ambaye hatanidanganya, na nitajuaje kwamba kazi aliyoifanya ni nzuri?"

Kabla hatujafika kwenye bei, naomba ufanye jambo moja leo hii: zima breka inayolisha soketi hiyo na uiache imezimwa mpaka fundi aje. Ikiwa hujui ni ipi, chomeka taa ndogo ya mezani kwenye soketi hiyo, kisha zima breka moja moja mpaka taa izimike. Usiifungue soketi ili uchungulie, na usihamishie birika kwenye kebo ya kuongezea inayotoka chumba kingine, kwa sababu hapo utakuwa umehamisha mzigo uleule kwenda kwenye waya mwembamba zaidi. Alama ya kahawia pamoja na harufu ina maana kwamba sehemu fulani ndani ya soketi imekwisha kupata joto la kutosha kuiharibu plastiki, na hali hiyo huwa haijirekebishi yenyewe.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Umeniuliza utampataje fundi wa bei nafuu, lakini nikisoma maelezo yako naona tatizo lililotangulia hilo: mafundi wote wawili wamekutajia bei ya kutibu ugonjwa ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupima. Wa kwanza amekuuzia dawa ndogo, wa pili amekuuzia upasuaji, na wewe unaombwa uchague kati yao kwa kutazama tarakimu. Huwezi kujua kama bei ni kubwa au ndogo wakati hujui ni ya kazi gani. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu, ambao mengine yote yatauzunguka, ni kwamba utenganishe kupima na kutengeneza. Mlipe fundi kwanza kwa saa moja au mbili za kutafuta hitilafu, akupe jibu lililoandikwa, ndipo mzungumzie gharama ya marekebisho, pamoja naye au na mtu mwingine. Watu wengi huona uchungu kulipia kupima, kwa kuwa mwisho wa siku soketi inakuwa bado haifanyi kazi. Hata hivyo, kwa mwenye fedha chache, hiyo ndiyo fedha inayookoa nyingine zote.

Ili uweze kumpima fundi kwa maneno yake, ni vizuri uelewe kinachoendelea ndani ya ukuta wako. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta mkondo wa ampea 8.7 hivi. Mkondo huo ni wa kawaida kabisa kwa soketi, na waya mzima ulioungwa vizuri hubeba zaidi ya huo bila hata kupata uvuguvugu wa kuhisika kwa mkono. Tatizo huanza mahali waya unapokutana na kitu kingine, yaani chini ya skrubu ya soketi, ndani ya tundu lenyewe ambamo vibano vya shaba huukamata mguu wa plagi, au kwenye kiungo kilichofichwa ndani ya boksi la ukutani. Skrubu ikiwa haikukazwa sawasawa tangu mwanzo, au vibano vikiwa vimelegea baada ya miaka 20 ya kuchomeka na kuchomoa, eneo linalogusana huwa dogo, na hapo ukinzani, yaani ugumu wa mkondo kupita, huongezeka. Tuseme umefikia nusu omu tu (omu ni kipimo cha ukinzani). Joto linalozaliwa ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani 8.7 mara 8.7 mara 0.5, sawa na wati 38 hivi. Hilo ni joto la kifaa cha kulehemu anachotumia fundi redio, limefungiwa ndani ya soketi, mahali padogo kuliko ukucha, huku plastiki inayofunika nyaya nyingi za majumbani ikiwa imetengenezwa kustahimili nyuzi joto 70 za Selsiasi katika matumizi ya kila siku. Joto hilo nalo huitia metali kutu na kuilegeza zaidi, ukinzani huongezeka tena, na kila chai unayochemsha huiharibu soketi kuliko ya jana.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba breka haioni hata kidogo hali hiyo. Breka ya kawaida ina walinzi wawili ndani yake. Mmoja ni ukanda wa metali mbili zilizogandamanishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto, hivyo ukanda hupinda na kufyatua swichi mkondo unapozidi kwa muda mrefu. Mwingine ni koili ya sumaku inayofyatua mara moja panapotokea shoti. Wote wawili wanaangalia kiasi cha mkondo, na mkondo wa birika lako hauzidi kwa sababu ya skrubu iliyolegea. Tena hupungua kidogo. Soketi inaweza kuungua mpaka ikawa nyeusi huku breka imetulia, nayo haina kosa lolote.

Kwa nini basi breka yako hukata? Hapo ndipo penye kazi ya kupima, na mimi nikiwa mbali siwezi kukutajia sababu moja kwa uhakika. Inawezekana kuna vifaa vingine kwenye sakiti hiyohiyo, yaani njia ya nyaya inayolishwa na breka moja, jokofu na pasi kwa mfano, na jumla yao pamoja na birika inapita kiwango. Inawezekana skrubu ya breka yenyewe imelegea pale kwenye bodi, yaani sanduku lenye breka zote, ikapata joto, na joto hilo likaupindisha ule ukanda kabla ya wakati wake. Inawezekana pia breka imechoka. Kufifia kwa taa ya jikoni nako kunadokeza kwamba taa na soketi zinashiriki njia moja mahali fulani, na kwamba njia hiyo ina kiungo dhaifu au waya mwembamba kuliko inavyostahili. Hizo ni sababu tatu au nne, na marekebisho yake yanatofautiana sana kwa gharama: moja ni kukaza skrubu, nyingine ni kuvuta waya mpya mpaka jikoni. Ndiyo maana nasema bei zote mbili ulizopewa zilitolewa mapema mno.

Pendekezo la fundi wa kwanza ni hatari, na sitaki kulizungukazunguka. Breka haikuwekwa pale kwa ajili ya birika. Imewekwa kuulinda waya uliomo ukutani. Breka ya ampea 16 inayofuata viwango vya kimataifa inaruhusiwa kupitisha mara 1.13 ya kiwango chake, yaani ampea 18, kwa saa nzima bila kukata, na inalazimika kukata ndani ya saa hiyo mkondo ukifikia mara 1.45, yaani ampea 23. Ukiiweka ya ampea 32 mahali pake, mkondo wa ampea 36 unaweza kupita saa nzima kwenye waya uleule, na breka ikawa imetimiza wajibu wake wote. Waya wa milimita mraba 2.5, ambao ndio wa kawaida kwa soketi, hubeba kwa usalama ampea 18 mpaka 27 kutegemea ulivyolazwa, na ukiwa umefungwa pamoja na nyaya nyingine uwezo wake hushuka. Kuna mfumo mmoja ambao waya huo hulindwa kwa breka ya ampea 32, nao ni ule wa pete, ambapo waya hutoka kwenye bodi, hupita kwenye soketi zote na kurudi palepale, hivyo mkondo hugawana njia mbili. Kama nyumba yako imejengwa kwa mfumo huo, fundi anayetaka kuweka breka ya 32 atakuwa amelithibitisha hilo kwa kupima kwanza. Fundi asiyefungua chochote hajathibitisha.

Wa pili simhukumu haraka namna hiyo. Nyumba ya miaka 20 inaweza kuwa na nyaya nzima kabisa, na inaweza pia kuwa na nyaya zilizokwisha, kutegemea ubora wa vifaa na mkono uliozilaza. Pengine macho yake yaliona jambo ambalo mdomo wake haukulieleza. Lakini neno "huenda" halitoshi kubomolea ukuta. Kuna kipimo mahususi cha uimara wa plastiki inayozihami nyaya, ambacho mafundi wengi hukiita kupiga mega: vifaa vyote huchomolewa, umeme wa nyumba huzimwa, kisha chombo husukuma volti 500 za mkondo wa moja kwa moja kati ya nyaya na kuonyesha ukinzani. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa nyaya za majumbani ni megaomu 1, yaani omu milioni moja, na sakiti nzima iliyo na afya kwa kawaida husoma juu sana ya hapo. Mwombe asome namba hizo mbele yako, sakiti moja baada ya nyingine. Zikiwa mbaya kwenye sakiti ya jikoni peke yake, basi ni jikoni tu panapohitaji waya mpya, na ile bei yake mara nne inaweza kupungua sana.

Hapa niseme jambo linaloutofautisha ufundi umeme na ufundi mwingine mwingi. Mpaka rangi akiharibu, utaona michirizi. Fundi bomba akiharibu, utalowa. Fundi umeme akiharibu, taa itawaka, birika litachemka, nawe utamshukuru na kumlipa. Nakumbuka niliwahi kufungua soketi katika nyumba moja ambayo mwenyewe alimsifu sana fundi aliyenitangulia, kwa kuwa alikuwa amemaliza kwa asubuhi moja tatizo lililowashinda wengine, la kifaa kwenye bodi kilichokuwa kinakata ovyo. Ndani ya soketi niliukuta waya wa ethi, ule wenye rangi ya kijani na njano, umekatwa kwa unadhifu, ncha yake imefungwa tepu nyeusi na kukunjwa nyuma kama mkia. Kulikuwa na kifaa kinachovujisha umeme kwenda kwenye bati lake la nje. Fundi aliukata waya uliokuwa unaupeleka uvujaji huo ardhini, na kukata kwa bodi kukakoma. Bati likabaki na umeme, likimsubiri mtu mwenye miguu yenye maji. Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa "kinafanya kazi".

Kwa sababu hiyo, swali lako la pili, la kujua kama kazi ni nzuri, halijibiwi kwa kuwasha taa. Linajibiwa kwa vipimo, na ndivyo nitakavyoomba umchague fundi pia.

Kuhusu kumpata, usianze na matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo wala na mtu wa kwanza anayejitokeza. Waulize watu waliofanyiwa kazi mwaka mmoja au miwili iliyopita, siyo wiki iliyopita, kwa sababu kiungo kibovu huchukua muda kujionyesha na sifa za wiki ya kwanza ni sifa za tabasamu. Swali la kuwauliza siyo "ni mzuri?" bali "alirudi mlipomwita tena?" Mafundi wa kazi nyingine, kama vile waashi na mafundi bomba, wanawajua mafundi umeme wanaoacha kazi safi, kwa kuwa wao ndio wanaokuta kilichofichwa ukutani. Walimu wa vyuo vya ufundi nao hujua wanafunzi wao waliofuzu vizuri na wanaoanza kujitegemea. Hao mara nyingi hutoza kidogo kuliko kampuni kubwa na wana ari ya kujenga jina. Muuza duka la vifaa vya umeme anaweza pia kukuelekeza, ila ukumbuke kwamba baadhi ya wauzaji hupata chochote kutoka kwa fundi waliyemleta au hutarajia fundi huyo anunue kwao.

Katika nchi nyingi mafundi umeme hupewa leseni kwa madaraja, na mamlaka inayotoa leseni hizo huwa na orodha yao. Itazame, umwombe fundi namba yake, uhakikishe daraja lake linaruhusu kazi za majumbani na kwamba muda wake haujaisha. Leseni haikuhakikishii uaminifu, lakini inakuhakikishia kwamba mtu huyo alifundishwa kupima na ana kitu cha kupoteza akikuharibia. Jambo linalosahaulika hapa ni kumuuliza ni nani hasa atakayeshika bisibisi. Siyo ajabu mwenye leseni akapatana bei na wewe asubuhi, kisha mchana akamtuma msaidizi wa miezi mitatu. Msaidizi kufanya kazi si vibaya, ndivyo watu wanavyojifunza, alimradi mwenye leseni awepo kukagua na kupima kabla soketi hazijafungwa.

Ukishapata majina mawili au matatu, zungumza nao kwa simu kabla hujamwita yeyote nyumbani. Waeleze dalili ulizonieleza mimi, kisha nyamaza usikilize. Fundi makini atakuuliza maswali: breka ni ya ampea ngapi, ni soketi hiyo tu au nyingine pia, je, taa hufifia birika linapowashwa chumba kingine? Atakwambia uzime sakiti hiyo. Atakataa kukutajia bei ya mwisho kabla hajaona, na badala yake atakupa bei ya kuja kupima. Kisha muulize maswali mawili tu. Kwanza: kama breka inakata, kwa nini usiweke kubwa? Pili: ukimaliza kazi utapima nini, na kwa chombo gani? Kwa la kwanza unataka kusikia habari ya unene wa waya. Kwa la pili unataka kusikia ethi, uimara wa kihami, na kile kifaa cha kuokoa maisha ambacho mafundi hukiita RCD. Anayejibu kwamba ana tesita ya bisibisi inayowaka taa nyekundu, mshukuru na uendelee na jina linalofuata. Tesita hiyo inaweza kukuonyesha kwamba umeme upo, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba haupo, sembuse kupima ethi.

Sasa tufike kwenye unafuu, maana sijasahau kwamba fedha ni chache. Gharama ya fundi ina sehemu tatu: mkono wake, vifaa, na kufika kwake. Omba bei iliyotenganishwa hivyo, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Sehemu ya kufika unaipunguza kwa kukusanya kazi zote ndogo za nyumba na kuzifanya kwa ziara moja: swichi inayotoa cheche, taa ya nje isiyowaka, holda iliyovunjika. Unaipunguza pia kwa kutosubiri mpaka usiku wa dharura, wakati ambao fundi yeyote ana haki ya kutoza zaidi. Sehemu ya mkono unaipunguza kwa kumwandalia: sogeza makabati, andika ni breka ipi inalisha nini (zoezi la kuzima na kuwasha ambalo wewe mwenyewe unaweza kulifanya salama), na uandike dalili pamoja na saa zilipotokea. Muda mwingi wa kutafuta hitilafu huishia kwenye kuuliza mambo hayo. Na ikiwa kweli waya mpya unahitajika, kubali upite juu ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki badala ya kuchimba lipu. Haupendezi sana, lakini kuchimba, kuziba na kupaka rangi upya mara nyingine hugharimu kuliko umeme wenyewe.

Vifaa vinahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo unafuu wa uongo unapopenyezwa. Mwombe fundi orodha yenye ukubwa wa kila kitu, ununue mwenyewe au mwende pamoja. Waya feki ni wa aina mbili. Kuna ule ulioandikwa 2.5 lakini shaba yake ni nyembamba na plastiki yake nene, na kuna ule wa alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Wa pili unaugundua kwa kukwaruza ncha yake kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe. Wa kwanza unaugundua kwa mizani. Mita 100 za waya mmoja wa milimita mraba 2.5 zina shaba ya karibu kilo 2.2 peke yake, kabla ya kuhesabu plastiki. Roli nzima ikiwa na uzito wa chini ya kilo 2, basi ama si mita 100, ama si 2.5, ama si shaba. Nimewahi kuona muuzaji akibadilisha roli bila ubishi wowote mara tu mteja alipoomba mizani.

Kuna vitu vitatu ambavyo nakusihi usivipunguze hata ukikosa fedha za mengine: ethi, RCD na vipimo vya mwisho. RCD hulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifikia miliampea 30 inatakiwa ikate ndani ya sekunde 0.3, kabla moyo wa mtu aliyeguswa na umeme haujaathirika vibaya. Kama bodi yako haina, na fedha zinatosha kwa jambo moja tu zaidi ya kutengeneza soketi, ningekuambia uweke hicho. Kingine chochote, kuanzia soketi za urembo hadi taa mpya, kinaweza kusubiri awamu ya pili.

Kijana wa jirani anastahili neno la heshima, maana amejitolea. Mpe kazi ya kukusaidia kuandika lebo za bodi, kubadilisha balbu, kwenda nawe dukani. Soketi iliyoungua si kazi ya kujifunzia, kwa sababu nusu ya tatizo inaweza kuwa iko nyuma yake, mahali ambapo bila chombo cha kupima haonekani mkosaji. Akibadilisha soketi na kuacha waya ulioungua sentimita tano ndani ya ukuta, utakuwa na uso mpya juu ya kidonda kilekile, na safari hii bila alama ya kahawia ya kukuonya. Tena katika nchi nyingi bima ya nyumba inaweza kukataa kulipa moto uliotokana na kazi ya mtu asiye na leseni.

Siku ya kazi, kaa karibu lakini usimsumbue. Mtazame anavyoanza: anatakiwa azime breka, aizuie isiwashwe na mtu mwingine, kisha apime kuthibitisha kwamba nyaya hazina umeme kabla hajazigusa. Fundi anayefanya kazi umeme ukiwa umewashwa, akacheka na kusema amezoea, anakuonyesha namna anavyofikiri, na pengine ndivyo atakavyokaza skrubu zako. Soketi ya zamani ikitoka, iombe uishike. Tazama nyuma yake: utaona ni skrubu ipi imebadilika rangi, na kama plastiki ya waya imekauka na kupasuka. Waya uliokauka hivyo ukatwe mpaka afikie sehemu iliyo laini na yenye shaba inayong'aa. Piga picha kabla ya kufunga. Malipo ya awali yatosheleze vifaa tu, na sehemu kubwa ya ufundi ilipwe baada ya vipimo, ambavyo utamwomba akuandikie kwa namba na sahihi yake.

Ikiwa kabla fundi hajafika utaona baadhi ya taa zinafifia huku nyingine zinang'aa kupita kawaida, zima swichi kuu na upige simu kwa shirika linalokuletea umeme, siyo kwa fundi. Katika nyumba inayolishwa kwa laini tatu, hiyo ni dalili kwamba waya wa nyutro, ule unaorudisha mkondo, umekatika, na vifaa vyako vinaweza kupata volti karibu na 400 badala ya 230. Kwa kawaida sehemu ya kuanzia mita kwenda barabarani ni yao, wala hupaswi kumlipa fundi wako aiguse. Vivyo hivyo ukipigwa na umeme hata kidogo unapogusa bomba la maji au bati la jokofu, au ukisikia mlio wa kukaanga ukutani, usisubiri bei ya pili wala ya tatu.

Kwa leo, unaweza kuwatumia mafundi watatu ujumbe huu, akiwemo yule wa pili uliyekwisha kumwita: "Nina soketi ya jikoni iliyoungua pembeni, taa hufifia birika likiwashwa na breka ya ampea (soma namba iliyo juu yake) hukata. Nimeizima. Nahitaji mtu aje kutafuta chanzo kwa kupima, aniandikie alichokikuta na orodha ya vifaa, kabla ya kupatana bei ya marekebisho. Unatoza kiasi gani kwa hatua hiyo, na una chombo cha kupima ethi na uimara wa kihami?" Majibu yatakayorudi yatatofautiana kwa namna ambayo bei zile mbili hazikuweza kukuonyesha. Ukimpata anayekubali, mkumbushe kuhusu taa ya jikoni, ili akifika aanzie kwenye bodi kabla hajagusa soketi.